MBWA NAO WANA SHULE YA VIDUDU!

Najua ukisoma kichwa cha habari hapo juu utasema kijana wetu sasa ameishiwa, watu wanahangaikia bei ya sukari yeye anatuletea habari za mbwa. Nivumilie kidogo. Hapa hapa Dar es Salaam, ukiacha barabara kubwa pale Mbezi Beach ukashuka kuelekea baharini, kuna ua mmoja mkubwa wenye miarobaini ambamo mbwa huletwa asubuhi na dereva, wakacheza na wenzao, wakala, wakalala mchana, na jioni saa kumi na moja wakaja kufuatwa. Mwenye safari anamwacha wa kwake hapo hapo hata mwezi mzima. Kwa siku moja tu analipa hela ambayo kwa mlalahoi ni mboga ya wiki. Na nafasi zinagombewa! Ikikaribia Krismasi watu wanaweka majina mapema kama wanaotafutia watoto nafasi kwenye zile shule za Mtakatifu nani sijui.

Sisemi ya kusimuliwa. Kuanzia Novemba 2023 hadi mwisho wa Aprili 2024 mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu wa vidudu pale, kama kazi ile inamruhusu mtu kujiita mwalimu. Hela ya makala mnaijua wenyewe, haijengi wala hailipi pango. Mshikaji wangu mmoja anayepeleka maji kwa boza maeneo yale akaniambia kuna mama anatafuta kijana asiyeogopa mbwa na anayejua kusoma na kuandika. Kusoma najua, cheti cha kidato cha nne ninacho. Mbwa nilikuwa nawaogopa kiasi, lakini njaa naiogopa zaidi.

Nyumbani Mwananyamala ilikuwa kasheshe. Bibi mzaa mama, mtu wa Pangani na mtu wa dini, siku ya kwanza nimerudi aliniketisha uani kama mgeni. "Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo bibi zetu wanavyotutania, "hayo mate ya mbwa hayaingii ndani kwangu." Nguo za kazi zikapewa ndoo yake, na palipogusa mate paoshwe mara saba, moja kwa mchanga. Nikakubali, nyumba ni yake. Kila jioni nilikuwa nabadilisha nguo uani kama mtu aliyetoka machimboni.

Baba mdogo, anayekaa Kimara, yeye alicheka mpaka akakohoa. "Yaani mtu mzima unalipwa kuchezesha mbwa? Simba wangu akianza kucheza nani atalinda nyumba?" Huyo Simba mkumbukeni, tutarudi kwake.

Mwenye ua tulimwita Madam. Ni mama wa makamo aliyefanya kazi miaka mingi na madaktari wa mifugo kabla ya kufungua biashara yake. Hana maneno mengi. Siku ya kwanza alinipa daftari, filimbi na kifuniko cha sufuria. Nikadhani kifuniko ni cha kupikia. Kumbe ndiyo silaha! Mbwa wakishikana usithubutu kupeleka mkono, utaondoka bila vidole. Unagonga kifuniko ukutani wakashtuka, au unawamwagia ndoo ya maji, kisha kila mtu anamvuta wake kwa nyuma.

Basi bwana, nilidhani kazi ni kufungua geti mbwa wakimbie. Weee! Kuingia pale ni kugumu kuliko kupata viza. Kwanza kadi ya chanjo. Kichaa cha mbwa, distempa, parvo, na ile ya kikohozi cha mabandani ambacho mmoja akiwa nacho kesho ua mzima unakohoa. Parvo ndiyo inayomnyima Madam usingizi, kwa sababu kirusi chake kinaweza kukaa kwenye udongo miezi na miezi na kinaua watoto wa mbwa kwa kuharisha damu. Halafu mbwa anapekuliwa kupe, masikioni, kwapani, katikati ya vidole. Jike aliye kwenye joto harudi hata nyuma ya geti. Nilishuhudia kigogo mmoja akipiga simu tatu kwa wakubwa wenzake kwa sababu tumemkatalia mbwa wake asiye na kadi. Madam akamjibu kwa upole: "Mheshimiwa, hata wewe ukienda nje wanakuomba kadi ya homa ya manjano." Akarudi na kadi wiki iliyofuata.

Akishapita hapo, mgeni hatupwi tu katikati ya wenzake. Anakutanishwa na mbwa mmoja mtulivu, wote wamefungwa kamba iliyolegea, wananusana. Na wananusana nyuma, msinicheke, ndiyo salamu yao. Tukiona mwili umelegea, tunaongeza wa pili, wa tatu. Tukiona mwili umekakamaa, mdomo umefungwa, macho yametumbuka na manyoya ya mgongoni yamesimama, tunawatenganisha kabla halijaharibika neno. Mkia usikudanganye. Watu wengi wanadhani mbwa akitikisa mkia basi amefurahi. Watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2007 kwamba mbwa akimwona mwenye wake mkia huenda zaidi upande wa kulia, na akimwona mbwa mgeni mbabe huenda zaidi upande wa kushoto. Mimi kwa macho yangu sikuwahi kuona tofauti hiyo, wao walitumia kamera. Nilichokiona ni kwamba mkia uliosimama wima ukitetemeka kama waya wa antena si wa furaha hata kidogo.

Chakula kila mmoja kwenye banda lake, mlango umefungwa, maana urafiki wa mbwa unaishia kwenye bakuli. Hapo wanafanana na ndugu zangu kwenye sinia la pilau. Baada ya kula hakuna kukimbia, hasa wale wakubwa wenye vifua virefu, tumbo linaweza kujaa gesi likajipinda na mbwa akafa siku hiyo hiyo. Saa sita hadi saa nane wote wanalala. Ukiwaacha wacheze mchana kutwa, ikifika saa tisa wanakuwa kama watoto waliokosa usingizi, kila kitu ugomvi.

Wa kulala walikuwa na adabu nyingine. Usiku wa kwanza wengi hawali. Wanakaa wanaangalia geti. Madam anawataka wenyewe walete kitambaa chenye jasho lao, fulana kuukuu au shuka, ndiyo mbwa anaegemeza pua analala. Kulikuwa na mbwa mmoja wa polisi wa kiume, limbwa lenye kichwa kama ndoo, linalala limekumbatia khanga. Watu wa Masaki hao!

Sasa kilichonifanya nikae pale muda wote ule, licha ya mshahara wa kubabaisha, ni huo mchezo wenyewe. Mbwa anayetaka kucheza anainamisha kifua mpaka chini, miguu ya mbele kainyoosha, makalio juu, mkia unapepea. Sisi vijana wa pale tuliita "shikamoo". Mwenzake akiinama naye, tukasema "marahaba", na hapo ni mbio, mieleka, kung'atana shingo, kelele ambayo mgeni akisikia anadhani wanauana. Kumbe wanasemezana. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Marc Bekoff, aliyewapiga picha za video mbwa wakicheza, aliandika mwaka 1995 kwamba mbwa hutoa shikamoo hiyo hasa kabla au mara baada ya kung'ata kwa kutikisa kichwa, yaani kile kitendo ambacho mwenzake angeweza kukielewa vibaya. Ni kama wewe unapomtukana rafiki yako halafu ukamwongezea "natania bwana".

Na wanabadilishana. Yule mkubwa analala chali makusudi ili mdogo naye ashinde. Aking'atwa sana, mmoja analia "wii!" na kuondoka, mchezo umekwisha. Yule aliyeng'ata anabaki ameduwaa. Akirudia mara tatu nne anajifunza kwamba meno yana kipimo. Kumbe ndiyo somo lenyewe hilo la shule ya vidudu, kujua nguvu ya mdomo wako mwenyewe.

Mwalimu mkuu wa somo hilo hakuwa mimi wala Madam. Alikuwa jike moja la rangi ya kahawia linaitwa Chapati. Mbwa koko mtupu! Mume na mke Wazungu walimwokota Coco Beach akiwa anakula mabaki ya mihogo, wakamchanja, wakampa jina, wakawa wanamleta siku tatu kwa wiki. Pale ndani kuna mbwa walioletwa kwa ndege, wana vyeti vya ukoo kurudi nyuma vizazi vitano, na hawajui kusema shikamoo! Wamekua peke yao nyuma ya ukuta wa futi nane, rafiki yao ni mlinzi na kiyoyozi. Chapati amekulia mtaani, kapigwa, kanyang'anywa, kajua nani wa kukwepa na nani wa kuchokoza. Mbwa mgeni akiingia amekakamaa, Chapati anampitia pembeni kwa duara, anaangalia kando kama hamuoni, ananusa majani, kisha anainama. Nimeona limbwa la milioni kadhaa likifundishwa adabu na mtoto wa uswahilini. Nilifurahi, sifichi.

Msomaji utasema huu ni ukoloni tu, mambo ya Wazungu. Kwa sehemu ni kweli, na mimi bado nikiangalia ile orodha ya bei najikuna kichwa. Wenzetu wameshalifanya jambo la sheria. Uingereza walitunga sheria ya mabanda ya kulaza mbwa na paka tangu 1963, na kanuni za mwaka 2018 kwa upande wa England zikamtaka hata anayetunza mbwa mchana tu awe na leseni ya halmashauri. Lakini haja ya mbwa kukua na wenzake haikuletwa na tajiri yeyote. Wamarekani wawili, Scott na Fuller, walifuga mbwa na kuwachunguza miaka mingi kule jimbo la Maine, wakatoa kitabu mwaka 1965. Walichogundua ni kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi mtoto wa mbwa ana mlango ulio wazi. Anachokutana nacho hapo bila kuumizwa, iwe mbwa mwenzake, mtoto wa binadamu, pikipiki au mwavuli, anakihesabu kuwa ni sehemu ya dunia. Mlango ukishafungwa, kila kigeni ni adui, na kuufungua tena ni kazi.

Sasa turudi Kimara.

Simba alichukuliwa kwa mama yake akiwa na wiki tano, akaletwa ndani ya boksi la sabuni. Alipotimiza miezi mitatu alifungwa mnyororo kwenye mti wa mpera nyuma ya nyumba, na hapo ndipo alipoishi miaka minne. Baba mdogo si mtu katili, nataka hilo lieleweke. Alimpa ugali wa dona na vichwa vya dagaa kila jioni kabla hajala yeye. Lakini alivyofundishwa na baba yake ni kwamba mbwa akizoea watu anaharibika. Getini kikatundikwa kibao: HATARI! MBWA MKALI. Na mkali alikuwa kweli.

Jumanne moja ya Februari 2024 kulabu ya mnyororo iliyokwisha kwa kutu ikakatika, na geti lilikuwa halijarudishwa vizuri. Mtoto wa kiume wa miaka minane wa nyumba ya tatu alikuwa ametumwa vitumbua. Simba alimkamata mguu, nyuma ya goti, na hakuachia. Mbwa anayejua kipimo cha meno hung'ata akaachia. Huyu hakuwahi kusikia "wii!" ya mwenzake tangu boksi la sabuni. Waliomtoa ni vijana wa bodaboda, kwa fimbo na helmeti.

Nikapigiwa simu: "Wewe si ndiye profesa wa mbwa? Njoo." Nilipofika nikakuta jirani mmoja anashauri wanyoe manyoya ya Simba, wachome, majivu yapakwe kwenye kidonda. Nikasema jamani hapana. Maji yanayotiririka na sabuni, robo saa nzima kwa saa, si kwa kukadiria, kisha hospitali. Mtoto akalia, mama yake akalia, tukaosha. Hospitali akaanzishiwa sindano za kichaa cha mbwa, za siku kadhaa zinazofuatana kwa ratiba, kwa sababu Simba alichanjwa mara moja tu utotoni na kadi hakuna. Baba mdogo alilipa zote bila kusukumwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu kama 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote wakiambukizwa na mbwa, na miongoni mwa wanaong'atwa watoto ni wengi. Dalili zikishaanza hakuna dawa. Ndiyo maana sindano hazisubiri.

Jioni ile ile Baba mdogo alishanunua nyama na sumu. Nilimkuta nazo jikoni. Hapo nilibishana na mtu mzima kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwa adabu lakini nilibishana. "Baba mdogo, ukimuua leo hatutajua kama alikuwa na kichaa. Daktari anataka aonekane siku kumi. Akifika siku ya kumi mzima, basi siku alipong'ata mate yake hayakuwa na ugonjwa, na yule mama atalala usingizi." Akanitazama sana. Akaitupa nyama chooni.

Siku kumi zikapita Simba anakula, anabweka, mzima. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaita kikao chini ya mwembe. Watu wakasema mengi, mmoja akataka apewe fidia kwa sababu siku nyingine Simba alimbwekea mpaka akadondosha mayai. Mama wa mtoto alisimama mara moja tu. "Mimi hela sitaki. Nataka yule mbwa asiwepo, mwanangu anajikojolea usiku." Hakuna aliyekuwa na jibu.

Nikaomba ruhusa nikasema: aondoke mtaani kesho, nampeleka ninakofanya kazi, na kikao kiamue mwisho wa Aprili. Mwenyekiti akaona ni njia ya kumaliza kikao, akakubali. Madam yeye hakukubali haraka. Aliniuliza maswali kama polisi, kisha akasema nusu ya gharama itakatwa kwenye mshahara wangu, na Simba akimgusa mbwa wa mteja tunamwita daktari amlaze moja kwa moja. Tukaandikishana. Chanjo zote upya, kikapu cha mdomo, banda la pembeni.

Tulimsafirisha kwa kirikuu kwa njia ya Goba, nimekaa naye nyuma. Njia nzima alitetemeka. Mbwa mkali wa Kimara, aliyetisha mtaa mzima, anatetemeka kwa sababu ameona miti inatembea!

Nitawaambia jambo ambalo mpaka leo likinijia linanitoa machozi. Tulimfungulia uwanja mdogo peke yake, hana mnyororo, hana kamba. Akaanza kukimbia kwa duara. Duara lile lile, urefu ule ule wa mnyororo wake wa Kimara, hatua nne kila upande. Uwanja una nafasi ya kupaki malori mawili, yeye anazunguka mpera ambao haupo. Siku tatu. Madam, asiyekuwa na maneno, alisema tu, "Sheria ya ustawi wa wanyama tunayo tangu 2008. Iko kabatini."

Nilimsimulia Bibi usiku ule, nguo zangu zikiwa kwenye ndoo. Akanyamaza kidogo, akasema kuna mtu katika hadithi za Mtume aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. "Najisi ni ya mate," akasema, "roho yake ameiumba Yeye yule yule." Lakini mara saba pale pale, na mchanga.

Kazi yenyewe haikuwa ya sinema. Wiki ya kwanza Chapati alipitishwa nje ya uzio, mbali, Simba akila. Akiunguruma tunasogea mbali zaidi, akitulia anapewa kipande cha ini. Wiki ya pili tulitembea naye sambamba, mimi na Simba upande huu wa njia, mwenzangu na Chapati upande ule, asubuhi na jioni, mpaka viatu vikaisha soli. Wiki ya tatu njia ikawa moja. Wiki ya nne wakakutana uwanjani, Simba na kikapu mdomoni, Chapati akampita kwa duara, akaangalia kando, akanusa majani, akainama. Simba akarudi nyuma kama amerushiwa jiwe.

Ilikuwa hivyo siku kumi na kitu. Chapati anasalimia, Simba haitikii. Nilianza kumuonea huruma Chapati. Kisha asubuhi moja ya mwanzo wa Aprili, mvua ya masika imekatika punde na uwanja una madimbwi, Simba akashusha kifua. Nusu tu. Miguu ya mbele ikateleza kwenye matope akaanguka na pua. Lakini makalio yalikuwa juu! Nikapiga kelele "shikamoo!" mpaka mpishi wa jirani akaitikia marahaba.

Siwaongopei kwamba alikuwa malaika. Kikapu kilipotolewa, baada ya wiki nyingine, alimng'ata Chapati sana sikio, Chapati akalia na kumwacha peke yake nusu saa. Akarudia, akaachwa tena. Polepole mdomo ukawa mwepesi. Akazoea mbwa watatu, wote majike. Kwa lile limbwa la khanga hakuelewana naye kabisa, na mtu mwenye helmeti mpaka leo hamtaki. Mlango ulishafungwa miaka minne iliyopita. Sisi tulipenyeza dirishani.

Baba mdogo alikuja kutazama Jumapili moja, kavaa suti ya kanisani. Akaketi chini ya mwarobaini akamwona mbwa wake akifukuzana na jike kuzunguka pipa. Nilitegemea atafurahi. Akasema, "Sasa huyu si ameshaharibika? Mwizi akija atamsalimia." Madam akamuuliza mnyororo una urefu gani. Hatua nne. "Na nyumba yako ina urefu gani?" Baba mdogo akafikiri. Madam akaendelea kwamba mwizi mzoefu anapima mnyororo kwa macho, anapita hatua ya tano. Anachoogopa ni kelele na mbwa asiyejulikana yuko upande gani wa nyumba. Baba mdogo hakujibu, lakini niliona anahesabu.

Kikao cha pili kilikaa Jumamosi ya mwisho wa Aprili. Simba akaruhusiwa kurudi kwa masharti: waya kuzunguka ua wa nyuma, geti lenye springi linalojifunga lenyewe, mnyororo marufuku, kadi ya chanjo ionyeshwe kwa mwenyekiti kila mwaka. Mama wa mtoto hakupinga wala hakukubali, aliondoka kabla ya kura. Simlaumu. Kovu lipo, nimeliona, na yule mtoto mpaka leo akitumwa dukani anazungukia njia ya msikitini, ndefu mara mbili. Mwaka jana Baba mdogo alijaribu kumwita aje amwone Simba kupitia waya. Nilimzuia. Mtoto naye ana mlango wake, utafunguliwa na mwenyewe akitaka.

Chapati hayupo. Wenyewe mkataba wa kazi uliisha wakaondoka naye, na kwa jinsi makaratasi yalivyokuwa mengi nadhani yeye ndiye aliyepata viza kwa jasho kuliko mbwa koko yeyote wa Coco Beach. Mimi nimeacha kazi, kalamu imenirudisha, ila Simba anaendelea na shule mara moja kwa mwezi. Baba mdogo anampeleka mwenyewe kwa kirikuu na analipa kwa trei za mayai, jambo ambalo Madam analalamikia lakini mayai anachukua.

Getini nilimshauri aondoe kile kibao cha HATARI! MBWA MKALI, maana sasa ni uongo nusu. Amekipaka rangi upya.